Mtu Mzima na Kidato cha Nne: Historia ya Njia Alizowekewa

Katika historia ya elimu ya nchi yetu, habari za kufuta ujinga zimeandikwa sana. Habari za mtu mzima aliyekwisha kujua kusoma na kuandika, kisha akataka kuendelea mpaka amalize kidato cha nne, zimeandikwa kidogo. Tunakusudia kuzieleza hapa, kwa sababu mpaka leo mfanyakazi au mkulima anayetaka kukamilisha elimu ya sekondari hukuta mbele yake njia kadha wa kadha. Kila njia ilifunguliwa kwa shabaha fulani. Asiyeijua shabaha hiyo huchagua kwa kubahatisha, na gharama yake ni miaka, si siku.

Tuanze na ukoloni, ingawa hatutakaa huko sana. Mkoloni alitaka makarani, wakalimani na walimu wachache, na shule alizigawa kwa rangi. Mwaka wa 1961 Tanganyika ilipopata uhuru, wanafunzi wote wa sekondari walikuwa karibu 12,000 katika nchi ya watu wapatao milioni kumi. Mwafrika mzima aliyekosa nafasi hakuwa na darasa la kwenda. Alichokuwa nacho ni posta. Karani au mwalimu mwenye mshahara kidogo alijiandikisha katika chuo cha Uingereza kama vile Wolsey Hall cha Oxford, akaletewa masomo kwa meli, akasoma usiku kwa mwanga wa kibatari, akangojea mtihani uliotungwa na kusahihishwa ng'ambo. Njia hiyo ilikuwa ya mtu mmoja mmoja, kwa fedha yake mwenyewe, na mwisho wake ulikuwa kuwaacha wenzake. Tuikumbuke tabia hiyo, maana haikuondoka na bendera ya Mwingereza.

Baada ya uhuru Chama kiliutazama ujinga wa watu wazima kama adui wa taifa zima. Mwaka wa 1964, akizindua Mpango wa Maendeleo wa Miaka Mitano, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba watu wazima ndio wa kuelimishwa kwanza, kwa kuwa elimu ya mtoto huchukua miaka mingi kabla ya kuonekana katika uchumi. Mwaka wa 1967 likaja Azimio la Arusha na, mara tu baada yake, Elimu ya Kujitegemea. Mwaka wa 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka wa 1971 Mkutano Mkuu wa TANU ukaazimia ujinga ufutwe kabla ya mwisho wa mwaka wa 1975. Watu wazima wasiojua kusoma, waliokuwa 67 kwa mia mwaka wa 1967, walikuwa 39 kwa mia mwaka wa 1975, 27 kwa mia mwaka wa 1977, na 9.6 kwa mia mwaka wa 1986. Hata mbepari hakuweza kuibeza kazi hiyo.

Lakini mama aliyejifunza kusoma chini ya mwembe, akafaulu hatua zote za kisomo, alikwenda wapi baada ya hapo? Hapa ndipo penye kiini cha jambo letu.

Nafasi za sekondari za serikali zilipangwa kwa hesabu ya mahitaji ya taifa ya wataalamu. Katika miaka ya mwisho ya 1970, baada ya Elimu ya Msingi kwa Wote, hata watoto 10 katika kila 100 waliomaliza darasa la saba hawakuzipata. Ikiwa mtoto alikosa, mtu mzima angepata wapi? Kwa hiyo Chama na Serikali vilimjengea nyumba nyingine. Kuanzia mwaka wa 1975, kwa ushirikiano na Sweden, vilianzishwa Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, zaidi ya hamsini nchi nzima. Kijiji kilimchagua mtu wake, akaenda kujifunza kilimo, useremala, ushonaji, siasa na utunzaji wa vitabu vya hesabu, kisha akarudi kijijini. Vyuo hivyo kwa makusudi havikuwa vya mitihani wala vya vyeti. Wazo lilikuwa safi: elimu imrudishe mtu kwa wenzake, isimtoroshe.

Pembeni mwa vyuo hivyo ilikuwako njia ya pili. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyozaliwa ndani ya chuo kikuu na kufanywa shirika linalojitegemea kwa sheria ya mwaka wa 1975, ilifundisha madarasa ya jioni mijini na, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, masomo kwa njia ya posta yakisaidiwa na redio. Na njia ya tatu ilikuwa ile ya zamani: kujisomea na kufanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, sasa chini ya Baraza la Mitihani la Taifa lililoundwa kwa sheria ya mwaka wa 1973. Mitihani ilikuwa yetu wenyewe. Lakini mtahiniwa aliendelea kuwa peke yake kama karani wa mwaka wa 1950.

Watu walichagua nini? Waliotaka cheo na mshahara waliviacha Vyuo vya Maendeleo wakaenda jioni, au wakajisomea. Makada wengi wa wakati ule waliliita jambo hilo kasumba. Sisi tunaona jibu hilo halitoshi. Miundo ya utumishi, serikalini na katika mashirika ya umma, iliendelea kupanga mishahara kwa cheti. Mfanyakazi aliambiwa mkutanoni kwamba elimu si cheti, na Ijumaa alipokwenda kwa mhasibu akakuta cheti ndicho mshahara. Hakuhitaji kuwa na kasumba ili aelewe hesabu hiyo.

Kizuizi cha pili kilikuwa lugha. Kisomo kilikuwa kwa Kiswahili, tena Kiswahili kilichoheshimiwa. Sekondari ilikuwa kwa Kiingereza. Mkulima aliyesoma vitabu vya kilimo bora cha pamba, akaandika barua zake mwenyewe, alipofika kidato cha kwanza akawa kama hajui kitu. Tume ya Rais ya Elimu chini ya uongozi wa ndugu Jackson Makwetta, iliyotoa ripoti yake mwaka wa 1982, ilishauri Kiswahili kiingie sekondari, na serikali haikuukubali ushauri huo. Daraja kati ya kisomo na sekondari likabaki bila mbao za katikati.

Na bado taifa lilikwisha kuonyesha kwamba kazi inaweza kuhesabiwa kuwa ni elimu. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka anayekwenda chuo kikuu awe kwanza amefanya kazi na amependekezwa na wenzake kazini, na likampa nafasi mtu mzima asiyepita kidato cha sita. Baadaye masharti yalilegezwa, na tunaweza kubishana kama yalilegezwa mapema mno. Jambo la kuangalia ni kwamba mlango ulifunguliwa juu. Chini yake, kwenye kidato cha nne, mtu mzima mwenye watoto watano aliendelea kupimwa kwa mtihani uleule wa kijana wa miaka 17.

Deni hilo lilidaiwa miaka mingi baadaye. Tangu tarehe 20 Mei 2004 serikali iliweka sharti kwamba anayeajiriwa katika utumishi wa umma awe na elimu ya kidato cha nne. Mwezi wa Aprili 2017 uhakiki ulitaja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Katika uhakiki huohuo madereva, walinzi na wahudumu wa darasa la saba waliondolewa kazini, mpaka serikali ilipoagiza mwaka wa 2018 kwamba walioajiriwa kabla ya tarehe hiyo ya 2004 warudishwe. Hatumtetei mwizi wa cheti. Lakini kughushi nako kulikuwa njia, nayo ilistawi palepale ambapo njia za halali zilikuwa nyembamba.

Leo njia zimeongezeka. Aliyeishia darasa la saba anaweza kusoma katika kituo cha Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, mahali ambapo vidato vinne hufupishwa kuwa miaka miwili. Anaweza pia kujisomea, afanye kwanza Mtihani wa Maarifa, ndipo aruhusiwe mtihani wa kidato cha nne. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilihamishwa mwaka wa 1990 kwenda katika wizara ya maendeleo ya jamii na kurudi elimu mwaka wa 2016, na vingine vimeanza kufundisha sekondari pamoja na ufundi, hasa kwa wasichana waliokatishwa masomo. Hilo linatupendeza kuliko mengine yote, kwa sababu linaunganisha vitu viwili vilivyotenganishwa mwaka wa 1975. Kumbe cheti na jembe vinaweza kukaa chumba kimoja.

Mtu achague vipi? Aliyewahi kumaliza kidato cha nne akaanguka katika masomo mawili au matatu hana haja ya kuanza upya, na njia ya kujitegemea inamtosha akiwa na nidhamu. Aliyekaa miaka ishirini bila kushika kitabu cha Kiingereza asidanganywe na vibao vya mitaani vinavyomwahidi cheti kwa miezi michache. Huyo anahitaji mwalimu na wenzake wa darasa. Kila mwaka watahiniwa wa kujitegemea hufaulu kwa kiwango cha chini kuliko wale wa shule, na sababu haiko katika akili zao: wanasoma wamechoka, na wanasoma peke yao. Anayetaka kazi ya mikono aulize kwanza kama kazi hiyo inadai kidato cha nne kweli, au inadai cheti cha ufundi tu.

Limebaki suala la wakati, nalo kwa maoni yetu ni zito kuliko ada. Mwaka wa 1973 viwanda na maofisi viliagizwa kutenga muda katika saa za kazi kwa ajili ya elimu ya wafanyakazi. Utaratibu huo ulififia, na mashirika yalipouzwa katika miaka ya 1990 hakuna aliyeuulizia. Tangu mwaka wa 1992 Chama hakina matawi mahali pa kazi, kwa hiyo hakiwezi kuusimamia tena kwa mkono wake. Vyama vya wafanyakazi vinaweza. Vinapokaa na waajiri kujadili mikataba ya hali bora, vidai saa za masomo kila wiki kwa mfanyakazi aliyejiandikisha, na ruhusa yenye malipo kwa siku za mtihani wa Novemba.