Wenye Mkonge wa Tanga: Historia ya Kuanguka na Kuinuka kwa Mabwana wa Mashamba

Mashamba ya mkonge ya Mkoa wa Tanga, yaliyotanda kutoka mdomo wa Mto Pangani hadi chini ya milima ya Usambara pande za Korogwe na Mombo, yamewatajirisha na kuwafilisi watu wa mataifa mengi kwa zaidi ya miaka mia moja, na kwa sababu hiyo yanafaa kuchunguzwa na yeyote anayetaka kujua jinsi wakuu wa biashara wanavyopata hasara, wanavyojinasua, na wanavyobadili kipimo wanachotumia kusema kwamba wamefanikiwa. Masimulizi ya kawaida, hasa yale yaliyotoka kwa wenye mashamba wenyewe au kwa wageni waliokaribishwa mezani kwao, huueleza kila uinukaji kuwa ni tunda la uhodari wa mkuu fulani. Ushahidi wa historia unaelekeza kwingine, kwani mara nyingi aliyeinuka aliinuliwa na vita iliyopiganwa mbali naye au na mshahara wa kibarua uliokatwa, na ni mara chache sana alipoinuka kwa sababu alikuwa amefikiri upya juu ya kazi yake.

Mkonge wenyewe uliingia nchini kama dawa ya kushindwa. Kampuni za Kijerumani zilizotangulia kulima katika pwani ya Afrika Mashariki ya Kijerumani zilijaribu tumbaku huko Lewa bila ya kupata faida iliyotarajiwa, kisha zikamwaga mitaji mikubwa katika kahawa ya Usambara, ambako rutuba ya udongo uliokuwa chini ya misitu iliwadanganya wataalamu hadi mibuni ilipoanza kudhoofika. Katika hali hiyo Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, aliagiza mwaka 1893 miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani, ambako mmea huo ulikuwa umefikishwa kutoka Yucatán nchini Mexico miongo kadhaa kabla. Miche mingi ilikufa safarini, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu, nayo ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Watu wa Tanga wanapenda zaidi hadithi ya miche iliyofichwa ndani ya tumbo la mamba aliyekaushwa, na hakuna ubaya kuisimulia, ila kinachostaajabisha zaidi ni kwamba kampuni iliyokwisha kupoteza fedha katika mazao mengine ilikubali kuisubiri miche 62 izaliane kwa miaka kadhaa kabla ya kuona robota la kwanza.

Subira hiyo haikuwa hiari, kwa maana mkonge una saa yake isiyoweza kuharakishwa. Mche hukaa miaka mitatu au zaidi shambani kabla ya kukatwa majani ya kwanza, huendelea kukatwa kwa miaka mingine saba au zaidi, kisha hutoa mlingoti, yaani shina refu la maua linalopanda juu kupita kimo cha nyumba, na baada ya hapo hufa. Jani likishakatwa halingoji, bali sharti lipelekwe upesi kwenye korona, jina ambalo wafanyakazi hulitumia kwa mtambo wa kusindika pamoja na jengo lake: mafungu ya majani 30 hushushwa kutoka kwenye matoroli ya reli nyembamba, hutandazwa juu ya mnyororo unaoyabana, hupondwa na magurudumu yenye mabapa butu huku maji mengi yakimwagwa, na upande wa pili hutoka singa, ambazo ndizo nyuzi za mkonge, zikiwa mbichi na za rangi ya kijani iliyopauka. Singa hizo huanikwa juani juu ya nyaya, hupigwa brashi, hupangwa kwa madaraja na kufungwa marobota. Mwenye shamba, basi, alilazimika kuwa na mtambo wa gharama kubwa, reli, maji na mamia ya vibarua kabla ya kuuza chochote, na uamuzi wa kupanda alioufanya leo ulikuja kukutana na bei ya miaka minne mbele ambayo hakuna aliyeijua.

Mwaka 1913 mkonge uliouzwa nje ulikuwa umepita tani 20,000, na ndio uliokuwa unaongoza kwa thamani miongoni mwa mazao yaliyosafirishwa kutoka koloni hilo. Mwaka huohuo wale waliokuwa wameweka tamaa yao katika mpira walianguka vibaya baada ya mashamba ya Asia kulifurika soko. Hata hivyo, ushindi wa watu wa mkonge haukudumu, kwa sababu Vita Kuu ya Kwanza iliyafanya mashamba yao kuwa mali ya adui, na utawala wa Kiingereza ukayapiga mnada. Wagiriki, Wahindi na Waingereza waliyanunua yakiwa yamesongwa na magugu. Wajerumani waliporuhusiwa kurudi kuanzia mwaka 1925, baadhi yao walianza tena katika nchi ambayo walikuwa wamewahi kuitawala, safari hii wakiwa wageni wanaoomba ardhi.

Jaribio lililofichua zaidi tabia za wenye mashamba lilikuja na mdororo wa uchumi wa dunia baada ya mwaka 1929, ambapo bei ya mkonge iliporomoka kwa zaidi ya nusu katika muda wa miaka michache. Mtu angetarajia kwamba uzalishaji ungepunguzwa, lakini ulipanda kutoka tani zipatazo 50,000 mwaka 1930 hadi karibu tani 100,000 mwishoni mwa muongo huo, kwa kuwa mtambo uliokwisha kununuliwa kwa mkopo hula gharama ileile ukifanya kazi au ukilala, na njia pekee ya kuipunguza gharama ya kila tani ilikuwa ni kuongeza tani. Njia ya pili ilikuwa kukata mishahara. Hapa ndipo kipande kilipoonyesha nguvu yake: kibarua alipewa kadi yenye nafasi 30, nafasi moja ikatiwa alama kila alipomaliza kazi ya siku aliyopimiwa, na mshahara ulilipwa baada ya alama zote 30 kukamilika, hivyo kwamba siku ambayo hakumaliza idadi ya mafungu yake ilikuwa siku iliyopotea. Kuongeza idadi ya mafungu yanayohesabiwa kuwa kazi ya siku moja kulitosha kumpunguzia mtu malipo bila ya kugusa kiwango cha mshahara kilichoandikwa. Ripoti za wakati huo zinaisifu sekta hiyo kwa kuivuka dhoruba, na ni kweli iliivuka. Suala ambalo ripoti hizo haziliulizi ni nani aliyebebeshwa mzigo wakati wa kuvuka.

Vita Kuu ya Pili ilileta kile ambacho mhasibu angekiita bahati. Wajapani walipoteka Ufilipino na visiwa vya Indonesia mwaka 1942, mataifa ya Magharibi yalipoteza vyanzo vyake vikuu vya nyuzi ngumu za kamba, na Tanganyika ikawa tegemeo. Serikali ya Uingereza ilinunua mkonge wote kwa mkataba wa jumla uliodumu hadi mwisho wa mwaka 1948, na serikali ya koloni iliwalazimisha watu kwa sheria kwenda kufanya kazi mashambani. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya kuajiri vibarua, iliyojulikana kwa kifupi kama SILABU, ambayo iliwaleta manamba, yaani vibarua wa mkataba, kutoka Kigoma, Songea, Burundi na kwingineko, wakisafiri siku nyingi kufika kwenye makambi. Eldred Hitchcock wa kampuni ya Bird, aliyekiongoza chama cha wenye mashamba hadi karibu na kifo chake mwaka 1959 na kupewa cheo cha heshima na Malkia, alikuwa mjadili hodari wa bei kuliko wote waliomtangulia, na uhodari wake haupaswi kudharauliwa. Lakini hata yeye hakuwa na mkono katika vita ya Korea, iliyoipandisha bei kupita pauni 200 kwa tani mwaka 1951, wala katika kushuka kwake chini ya nusu miaka miwili baadaye.

Mwaka 1964 Tanzania ilivuna tani zipatazo 230,000, kiwango ambacho hakijafikiwa tena. Wakati huohuo nyuzi za plastiki zilianza kuchukua kazi ya kamba ya kufungia nyasi kavu katika mashamba ya Ulaya na Marekani, ambayo ndiyo iliyokuwa mteja mkubwa wa mkonge, na kufikia mwaka 1967 bei ilikuwa imeshuka hadi karibu nusu. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilifuatwa mwezi Oktoba na utaifishaji wa sehemu kubwa ya mashamba. Inafaa isemwe wazi kwamba utaifishaji ulikuta bei imekwisha kuanguka, na kwamba baadhi ya wenye mashamba, ingawa walilia hadharani, walinusurika kubaki na mitambo mizee na mimea iliyokaribia kutoa mlingoti. Familia ya Karimjee, iliyokuwa na mizizi ya kibiashara Zanzibar tangu karne ya 19, ilipoteza mashamba yake ya mkonge, na jina lake likaendelea kujulikana nchini kwa biashara nyingine, hasa ya magari. Kwa familia ya namna hiyo, ambayo haikuwahi kuuweka mtaji wote katika zao moja, pigo la 1967 liliuma bila ya kuua.

Shirika la umma lililorithi mashamba lilikuwa na kipimo kingine cha mafanikio, yaani ajira na fedha za kigeni, lakini halikuwa na fedha za kupanda upya, na mmea usiopandwa upya hufa kwa ratiba yake. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umebaki tani zipatazo 20,000. Mashamba yalibinafsishwa mwaka 1998, na kampuni ya Katani, iliyonunua mengi kati yake, ilianza mwaka uliofuata kuwagawia wakulima wadogo viwanja ndani ya mashamba kama Hale, Mwelya na Ngombezi ili walime mkonge na kuupeleka kwenye korona. Muhimu zaidi, iliuliza swali ambalo mabwana wa mkonge hawakuwa wameliuliza kwa uzito: ikiwa singa ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani bichi, au pungufu, kwa nini sehemu iliyobaki ihesabiwe kuwa taka ya kumwagwa mtoni? Mtambo wa gesivunde uliojengwa Hale, uliogeuza masalia hayo kuwa gesi ya kuzalisha umeme, ulikuwa jibu la kwanza, na ndio uliobadili maana ya kufanikiwa katika mkonge kutoka wingi wa marobota hadi matumizi ya jani zima. Haukumaliza matatizo, kwani mgawanyo wa mapato kati ya wakulima wadogo na mwenye korona uliendelea kuzusha mivutano, na katika miaka ya 2010 mavuno ya nchi hayakufika robo ya yale ya 1964, Brazili ikiwa mbele kwa mbali.

Historia ya mageuzi hayo bado inaandikwa kwa kutegemea ripoti za wakurugenzi. Watafiti watakaoirudia hawana budi kuanza na vipande na madaftari ya mishahara yaliyosalia katika ofisi za mashamba, kabla karatasi hizo hazijaliwa na mchwa.