Mizani ya Mwanza

Waumini wenzangu na majirani wa Mwakitolyo, wengi wetu huifahamu Mwanza kwa samaki na kwa Jiwe la Bismarck. Historia yake iliyojificha zaidi imo katika mizani.

Wajerumani walijenga kituo pale mwaka 1892. Reli kutoka Mombasa ilipofika Kisumu mwaka 1901, bidhaa za Mwanza zikavushwa ziwa kuifuata. Reli ya Tabora iliwasili mwaka 1928. Wazee wetu kutoka Gujarat walipita njia hizo, wakafungua maduka na kununua pamba ya Wasukuma, na viwanda vingi vya kuichambua vikawa mikononi mwa Wahindi.

Vitabu vya sherehe kama hiki husifu bidii ya wazee hao, nami naisifu. Lakini haki yadai tuandike na la pili: wakulima walilalamika kwamba mizani ya wanunuzi iliwapunja. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 waliweka wapimaji wao wenyewe. Kutokana na juhudi hizo, chini ya Paul Bomani, muungano wa vyama vya ushirika wa Victoria, VFCU, ulizaliwa mwaka 1955, na hatimaye ukamiliki viwanda vyake. Bomani mwenyewe alikuja kuwa Waziri wa Fedha wa Tanganyika huru.

Hapa kwetu hupimwa dhahabu, kwa mizani ndogo itoshayo kiganjani, na mchimbaji husimama kimya akiutazama mkono wa mnunuzi.