Anthony Allison: Mtafiti aliyefumbua fumbo la selimundu na malaria

HAKUNA masika yasiyo na mbu, walinena wahenga. Uhusiano baina ya mbu na damu ya mwanadamu ndio uliompa umaarufu Dkt Anthony Clifford Allison, mtaalamu wa jenetiki aliyelelewa Gilgil. Utafiti wake ulieleza kwa nini ugonjwa wa selimundu umekita mizizi katika baadhi ya jamii za Afrika Mashariki, ilhali ni nadra katika jamii nyingine.

Allison alizaliwa mwaka wa 1925 nchini Afrika Kusini, akakulia katika shamba la wazazi wake nchini Kenya. Alisomea Chuo Kikuu cha Witwatersrand, kisha akaenda Oxford, Uingereza, kusomea udaktari.

Mwaka wa 1949, akiwa angali mwanafunzi, alijiunga na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford uliozuru Mlima Kenya. Kazi yake ilikuwa kupima damu ya watu wa makabila mbalimbali. Alichogundua kilimshangaza. Karibu na Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, zaidi ya asilimia 20 ya watu katika baadhi ya jamii walikuwa na jeni ya selimundu. Katika nyanda za juu, hawakufika hata asilimia moja.

Jeni hiyo huathiri himoglobini, protini inayobeba oksijeni katika damu. Mtoto akiirithi kutoka kwa baba na mama, chembechembe zake nyekundu za damu hujipinda mfano wa mundu, huziba mishipa na kuvunjika upesi. Anayeirithi kwa mzazi mmoja pekee, kwa kawaida huwa na afya njema.

Zama hizo, wengi wa watoto wagonjwa walifariki kabla ya kufikia umri wa kuzaa. Ilitarajiwa basi kwamba jeni hiyo ingepungua kizazi baada ya kizazi. Mbona ilizidi kuwepo? Allison alitambua kuwa ilienea hasa mahali palipokithiri malaria.

Mwaka wa 1953 alirejea Afrika Mashariki kuthibitisha dhana yake. Nchini Uganda, alipima damu ya watoto 290. Miongoni mwa waliokuwa na jeni moja ya selimundu, asilimia 28 walikuwa na vimelea vya malaria. Miongoni mwa wasiokuwa nayo, kiwango kilikuwa asilimia 46.

Aidha, watu wazima 30 wa jamii ya Waluo walijitolea kuambukizwa malaria, kisha wakatibiwa. Kati ya 15 wasio na jeni hiyo, 14 walipatikana na vimelea. Kati ya 15 walio nayo, ni wawili tu. Jaribio kama hilo leo lingezua maswali mazito ya maadili.

Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1954, yakawa mojawapo ya mifano ya kwanza iliyo wazi ya uteuzi wa kimaumbile kwa binadamu. Jeni inayoua ikiwa mbili, hulinda ikiwa moja. Mwaka wa 2005, watafiti walioko Kilifi walithibitisha kinga hiyo kwa watoto wa Pwani.

Allison hakuishia hapo. Kuanzia 1978 hadi 1980 aliongoza maabara ya kimataifa ya utafiti wa magonjwa ya mifugo jijini Nairobi. Baadaye, akiwa California pamoja na mkewe, Dkt Elsie Eugui, alivumbua dawa ya mycophenolate mofetil inayozuia mwili kukataa figo uliyopandikizwa. Iliidhinishwa Marekani mwaka wa 1995. Aliaga dunia mwaka wa 2014 akiwa na umri wa miaka 88.

Kazi yake ina funzo kwa familia zinazodhani kuwa ugonjwa huu ni laana au uchawi. Wazazi wawili wenye afya, kila mmoja akiwa na jeni moja, hukabiliwa na uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mtoto mgonjwa katika kila uja uzito. Kipimo cha damu chaweza kuwafichulia hali yao mapema.

Mnamo 2023, Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kurekebisha jeni za wagonjwa wa selimundu. Hata hivyo, gharama yake ni ya juu mno kwa wengi wa wagonjwa barani Afrika, ambako fumbo hilo lilifumbuliwa kwa damu ya wenyeji.