Orodha ya Mategemeo Kama Hati ya Historia: Mfano wa OpenMRS nchini Rwanda

Tunaposikia neno "kifurushi" hapa Kigali, wengi wetu tunafikiria dakika na data za simu. Kwa waandishi wa programu, kifurushi ni kipande cha msimbo kilichopewa jina na namba ya toleo ili wengine wakichukue na kujenga juu yake. Kifurushi kimoja kisipoweza kufanya kazi bila kingine, hicho cha pili ni tegemeo lake. Insha hii inadai kwamba orodha ya mategemeo ni hati ya historia, sawa na barua au daftari la kodi, na kwamba tusipoisoma tunawasahau watu waliofanya kazi kubwa zaidi: watunzaji.

Mfano wetu ni OpenMRS, mfumo huria wa kuhifadhi kumbukumbu za wagonjwa. Ulianza kubuniwa mwaka 2004 na Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief, Indiana, kutokana na mahitaji ya huduma za UKIMWI waliyoyaona Eldoret, Kenya. Hamish Fraser wa Partners In Health aliungana nao. Mfumo ulianza kutumika Eldoret Februari 2006, na Agosti mwaka huohuo ukafika hospitali ya Rwinkwavu, mashariki mwa Rwanda. Kwa kawaida masimulizi huishia hapo, kwenye waanzilishi na tarehe ya kuanza.

Orodha ya mategemeo inaendelea kusimulia. OpenMRS imeandikwa kwa Java. Data zake hukaa katika MySQL, iliyoanzia Sweden mwaka 1995. Inatumia pia Hibernate, iliyoanza 2001, na Spring, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka 2004. Muuguzi aliyefungua jalada la mgonjwa Rwinkwavu alitegemea kazi ya watu ambao hawakujua hata Rwinkwavu iko wapi.

Kwa upande mwingine, waanzilishi waliacha kiini ambacho kila nchi ingeweza kukiongezea moduli zake. Mojawapo hupanga anwani kwa ngazi. Umuhimu wake kwetu uko wazi: mwaka 2006 Rwanda ilipanga upya utawala wake, mikoa 12 ikawa 4 pamoja na Jiji la Kigali, na mgonjwa wa kijijini hupatikana kwa wilaya, umurenge, akagari na umudugudu wake, si kwa jina la barabara. Lakini kila moduli imefungamana na matoleo fulani ya kiini. Kiini kikibadilika, mtu lazima airekebishe moduli, la sivyo itaachwa nyuma.

Gharama ya kuachwa nyuma ilionekana duniani kote Desemba 2021, lilipotangazwa pengo kubwa la usalama katika Log4j, kifurushi cha Java cha kuandika kumbukumbu za mfumo. Pengo hilo lilikuwa katika toleo la 2. Waliobaki na toleo la 1 wangeweza kudhani wamenusurika, lakini toleo hilo lilikuwa limeachwa rasmi bila watunzaji tangu 2015. Aliyesasisha alipata pengo lililozibwa baada ya siku chache; asiyesasisha alibaki na nyumba isiyo na fundi.

Katika mazoezi ya kazi nilikuta kituo kimoja cha afya kikitumia toleo la zamani la mfumo wake. Sababu haikuwa uzembe. Moduli moja ingeacha kufanya kazi katika toleo jipya, na aliyeiandika alikuwa ameshahama kazi. Mradi uliomlipa aiandike haukuwa umetenga fedha za kumlipa mtu wa kuitunza. Kila asubuhi wagonjwa walipanga foleni, na mfumo ule mkongwe ndio uliojua nani ameze dawa gani.

Wenzangu wa darasa wameniuliza kama hii ni historia au ni kompyuta. Jibu langu ni kwamba mwanahistoria huuliza nani alifanya nini, lini, na kwa nguvu za nani. Orodha ya mategemeo hujibu sehemu ya maswali hayo: majina ya vifurushi yanaonyesha tulikopa kwa nani, na namba za matoleo zinaonyesha ni lini tuliacha kusasisha. Haituambii kwa nini tuliacha. Hilo lazima tuwaulize watu wenyewe wangali hai na wangali wanakumbuka.

Kwa kuhitimisha, wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nchi yetu inajivunia mifumo inayozinduliwa, na ina haki. Ila atakayeandika historia ya mifumo hiyo asiishie kwenye picha za uzinduzi. Afungue orodha ya mategemeo, kisha amtafute aliyekuwa akiisasisha.