Martha Harper, saluni ya dadangu, na programu iliyokosa wateja

Najua mmezoea kunisikia nikilalamika hapa kuhusu hifadhidata, lakini leo hebu tuingie saluni kidogo. Aliyenipeleka huko ni dadangu. Mwaka jana aliacha kazi ya ususi katika saluni moja kubwa mjini, akakodi chumba kidogo Umoja: viti viwili, draya moja. Mwenye saluni alimwambia waziwazi kwamba wateja ni wa saluni, si wake. Nami, kwa kuwa nina digrii ya sayansi ya tarakilishi na kiburi kinachoandamana nayo, nikamwandikia programu ya kupanga miadi, yenye kalenda, ujumbe mfupi wa kumkumbusha mteja, na ripoti ya kila wiki. Ilikuwa na kila kitu isipokuwa wateja. Mwezi wa pili kodi ikamshinda, nikalipa nusu.

Ndipo nikaanza kujiuliza: wa kwanza kabisa waliofungua saluni walipata wapi wateja? Nikakutana na Martha Matilda Harper.

Harper alizaliwa mwaka wa 1857 huko Oakville, Ontario, nchini Kanada. Akiwa na miaka 7 tu alipelekwa kuwa mtumishi wa nyumbani, na kazi hiyo akaifanya kwa takriban miaka 25. Mwaka wa 1888, akiwa sasa Rochester katika jimbo la New York, alichukua akiba yake yote, dola 360, akafungua saluni ya wanawake. Kumbukeni kwamba siku hizo mwanamke wa heshima alitengenezewa nywele nyumbani kwake. Kwenda kuzifungua mbele ya watu lilikuwa jambo la aibu. Kwa hiyo huyu mama hakuwa akishindana na saluni nyingine, alikuwa akishindana na nyumba ya mteja!

Alitaka chumba katika Jengo la Powers, mojawapo ya majengo ya fahari mjini humo. Mwenye jengo akasita, ikabidi Harper atafute wakili wa kumsaidia kumshawishi. Kwa nini ajisumbue hivyo? Nadhani alijua kwamba mwanamke anayeogopa kuonekana saluni haogopi kuonekana akiingia jengo lile. Mlangoni akatundika picha yake mwenyewe, nywele zikimfika sakafuni. Tangazo gani tena?

Hata hivyo wateja hawakumiminika. Na hapa ndipo nilipoinuka kitini. Jirani yake alikuwa mwalimu wa muziki, na kina mama walileta watoto wao kufunzwa, kisha wakakosa mahali pa kungoja. Harper akawakaribisha wangoje kwake. Mtu akikaa mahali nusu saa, wiki baada ya wiki, aibu inamtoka. Wakaanza kukubali kuoshwa nywele, wakarudi, wakaambiana. Alipowapata aliwatunza: alibuni kiti cha kulalia nyuma ili sabuni isiingie machoni mwa mteja. (Hakuchukua hataza yake, kosa ambalo sisi waandishi wa programu tunalielewa vizuri sana.) Susan B. Anthony, yule mpigania haki ya wanawake kupiga kura, alikuwa mteja wake.

Kisha akaja Bertha Palmer, mke wa tajiri wa Chicago, akitaka saluni kama hiyo mjini kwao, kwani Maonyesho ya Dunia ya 1893 yalikuwa yakikaribia. Wengi wetu tungefunga mizigo usiku huohuo. Harper alidai kwanza orodha ya wanawake 25 walioahidi kuwa wateja. Palmer akaileta. Mimi nilikuwa nimeandika mistari elfu kadhaa ya msimbo bila hata jina moja.

Kuanzia mwaka wa 1891 alianza kuwapa wanawake wengine, wengi wao waliotoka utumishini kama yeye, nafasi ya kumiliki saluni zao chini ya jina na utaratibu wake, wakitumia viti vyake na dawa zake za nywele. Mteja akisafiri, alipata huduma ileile. Saluni hizo zilifika takriban 500. Harper alifariki mwaka wa 1950.

Nilimsimulia dadangu haya yote jioni moja akisuka mtu. Hakuinua macho. Akauliza tu, "Huyo mwalimu wa muziki alikuwa upande gani wa mlango?" Wiki iliyofuata benchi lake lilikuwa nje, kati yake na fundi wa nguo wa jirani, ambaye wateja wake husimama juani wakingoja kupimwa. Pia alifungua daftari lake la zamani akaanza kupiga simu kwa wanawake aliowasuka kwa miaka minne, akiwauliza watoto wanaendeleaje. Nani angemwambia kwamba hao si wake?

Sasa programu imebaki na jedwali moja: jina, nambari ya simu, mara ya mwisho kuja. Kalenda niliifuta mwezi wa tatu. Dadangu alikuja kugundua mwezi wa tano, tena ni mimi niliyemwambia.