Dengue: nani anasimama nyuma ya mfanyakazi wa afya?

Dengue ni homa ya virusi inayoenezwa hasa na mbu aitwaye Aedes aegypti. Huyu si mbu wa malaria. Anauma mchana, na anataga mayai katika maji yaliyotulia: ndani ya mapipa, bidoni zilizokatwa, matairi ya zamani. Kukiwa na joto, yai linaweza kuwa mbu kwa muda wa juma moja hivi. Kwa hiyo mfanyakazi akikagua nyumba leo, kisha asirudi kwa miezi miwili, ni kama hakukagua.

Tumezoea kuwahimiza wauguzi na wahamasishaji wa jamii wajitahidi. Mara chache tunauliza shirika lililowatuma linawategemeza namna gani.

Tuangalie Brazili. Mwaka 1999 serikali kuu iliwaachisha kazi watu karibu 6,000 waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba huko Rio de Janeiro wakiua viluwiluwi. Mwaka 2002 Rio ilipigwa na mlipuko mkubwa wa dengue. Tusiharakishe kulaumu jambo moja tu: aina ya tatu ya virusi hivyo ilikuwa imeingia, na watu wengi hawakuwa na kinga dhidi yake. Hata hivyo, wakati mji ulipowahitaji watu wanaojua kila ua na kila pipa, wengi wao walikuwa wameshafukuzwa. Mwaka 2003 walirudishwa kazini. Mwaka 2006 katiba na sheria zikaipa kazi hiyo msingi wa kudumu, na mwaka 2022 katiba ikaweka mshahara wao usipungue mara mbili ya kima cha chini cha nchi.

Je, dengue ikaisha? Hapana. Mwaka 2024 Brazili ilihesabu wagonjwa zaidi ya milioni 6 waliodhaniwa kuwa nayo. Mshahara peke yake haufukuzi mbu. Joto, mvua, na mitaa isiyo na maji ya bomba vina nguvu yao. Lakini asiyelipwa harudi kwenye nyumba ileile, na kurudi ndiyo kazi yenyewe.

Katika kituo cha afya, tegemezo lina sura nyingine. Muuguzi asiye na kipimo cha dengue ataiita kila homa malaria. Asiyefundishwa anaweza kutoa aspirini au ibuprofeni, dawa zinazoongeza hatari ya kutoka damu, wakati paracetamoli ndiyo inayofaa. Tena anaweza kumruhusu mgonjwa aende nyumbani kwa sababu homa imeshuka, kumbe mara nyingi ni saa hiyo hatari inapoanza: tumbo kuuma sana, kutapika mfululizo, ufizi kutoa damu. Hayo hayajulikani kwa bidii tu. Mtu lazima afundishwe, na apate wa kumpigia simu usiku.

Makanisa yetu hapa Kongo yana vituo vya afya, na wale tunaowaita RECO wengi ni watu wa kujitolea. Wanapita kwa miguu, mara nyingi kwa viatu vyao wenyewe, wanaandika ripoti, na ripoti inalala mezani. Kamati ya kituo inaweza kuanzia hapo: kuisoma ripoti mbele ya aliyeileta, kumwambia nini kitafanyika kuhusu mapipa aliyoyakuta wazi, na kumpa nauli ya kurudi huko juma lijalo.