Malezi shirikishi: bweha anayebaki kwao

Bweha mgongo-mweusi, dume na jike, hukaa pamoja kwa miaka mingi, wakiwinda na kulinda eneo lao. Hata hivyo, kwenye mashimo yao huko Serengeti mara nyingi huonekana bweha wa tatu, hata wa nne. Huyo amekwishakua na angeweza kwenda kutafuta mwenzi, ila amebaki kwa wazazi wake na analisha wadogo zake.

Patricia Moehlman, mtafiti aliyeanza kuwafuatilia bweha wa Serengeti mwaka 1974, aliwaita hao wanaobaki kwao wasaidizi. Makala yake katika jarida la Nature, mwaka 1979, ilionyesha kuwa kila msaidizi aliyeongezeka aliendana na ongezeko la takriban watoto 1.5 walionusurika.

Kazi yenyewe ni nzito. Msaidizi akirudi mawindoni hucheua nyama ili watoto wale, na humlisha hata mama anayenyonyesha. Wazazi wakitoka, yeye hubaki mlangoni mwa shimo. Fisi akikaribia, msaidizi hutoa sauti ya hatari na watoto hukimbilia ndani. Ni ndugu zake wa baba na mama mmoja, kwa hiyo vinasaba vya ukoo wake vinasonga mbele ingawa yeye mwenyewe hajazaa.

Mfumo huu unastahili kuitwa malezi shirikishi, na anayeufanya, mlezi msaidizi. Watanzania wanajua ulinzi shirikishi: raia asiye askari anabeba sehemu ya kazi ya askari. Hapa asiye mzazi anabeba ya mzazi. "Malezi ya pamoja" ni pana mno, maana hata baba na mama peke yao hulea pamoja. "Ulezi" nao, mtu wa Tarime au Mugumu ataanza kufikiria nafaka ya ugali na togwa. Yaya hafai kabisa: huyo huajiriwa.

Istilahi hii isitumike ovyo. Mbweha wekundu wa Bristol na London huishi makundi madogo, mara nyingi jozi inayozaa pamoja na majike wadogo ambao hawajazaa. Baadhi ya majike hao hulisha watoto, wengine hukaa tu kundini. Hao wa pili wana maisha ya kundi, si malezi shirikishi. Kwa bweha masikio wa Serengeti, baba ndiye hulinda watoto kwa saa nyingi usiku huku mama akila mchwa. Hayo ni malezi ya baba.